Oili ya injini imezidi alama ya F: namna ya kupima kwa usahihi na kuipunguza

Bi_Usukani

Wakuu habari zenu, na wakubwa shikamooni.

Nina Toyota IST ya cc 1500, injini 1NZ-FE. Jana imebadilishwa oili, 5W-30, galoni ya lita 4 imemiminwa yote. Jana jioni baada ya kuzima nilichomoa dipstiki (fimbo ya kupimia oili), upande mmoja ukaonyesha oili iko sawasawa na F, ile alama ya kujaa, nikageuza upande wa pili nikakuta imepaka hadi juu kabisa. Leo asubuhi kabla ya kuwasha nimepima tena: iko juu ya F kwa kama milimita 8, safari hii pande zote mbili.

Fundi anasema oili ikizidi haina neno, bora izidi kuliko ipungue. Naomba kujua:

1. Oili inapimwa injini ikiwa ya moto au ya baridi? Kila mtu ana lake.
2. Milimita 8 juu ya F ni kiasi gani, na ni hatari kweli?
3. Kama ni ya kupunguza, napunguzaje bila kumwaga yote niliyonunua?

---

Spana14

Dada, kabla hatujaiamini dipstiki tuanze na hesabu, maana tatizo lako linaonekana kwenye galoni lenyewe.

1NZ-FE inachukua lita 3.7 ukibadilisha oili pamoja na filta. Ukibadilisha oili peke yake na kuacha filta ya zamani, inachukua 3.4, kwa sababu filta inabaki imejaa kama ml 300 za oili chafu. Galoni la dukani ni lita 4. Kwa hiyo ukimimina galoni zima umezidisha ml 300 hata kama kila kitu kingine kimefanywa sawa, na kama filta haikuguswa umezidisha ml 600. Hapo bado sijahesabu oili inayobaki chini ya sampu (beseni la oili chini ya injini) gari lisipokuwa limesimama sawa wakati wa kumwaga, au boliti ya kumwagia ikirudishwa huku matone bado yanakimbizana.

Kosa hili liko kila mahali kwa sababu galoni ni la lita 4 na watu wamelichukulia kama ndicho kipimo cha injini. Siyo. Vitz ya silinda 3 inachukua lita 3 na kidogo tu, ukiiwekea galoni zima umeizamisha.

Sasa milimita 8. Kwenye gari ndogo nyingi kutoka L (alama ya chini) hadi F ni kama lita 1 hadi 1 na nusu, na nafasi yenyewe kwenye dipstiki ni kama sentimita 2. Kila milimita ni kama ml 50 hadi 75. Milimita 8 basi ni kati ya ml 400 na 600. Hiyo imepita ile 300 ya galoni. Ningekuwa wewe, jambo la kwanza ningeinama kuangalia filta. Filta mpya inajulikana: rangi yake safi, maandishi yanasomeka. Ukikuta imeshika vumbi na mafuta yaliyoganda, haikubadilishwa, na hesabu inakubali.

Kuhusu moto au baridi: kitabu cha Toyota kinasema washa injini ipate joto, zima, subiri zaidi ya dakika 5, ndipo upime kwenye sehemu tambarare. Dakika 5 hizo ndizo muhimu kuliko joto lenyewe. Injini ikizimwa, oili nyingi bado iko juu: kwenye kamshafti, kwenye kichwa cha injini, kwenye kuta. Inashuka polepole. Ukichomoa dipstiki sekunde 30 baada ya kuzima utaona imepungua, na hapo ndipo watu wanapoongezewa nusu lita isiyohitajika. Kituo cha mafuta ndicho mahali pabaya zaidi pa kupimia: umetoka barabarani moja kwa moja, umezima sasa hivi, na mara nyingi sakafu yenyewe ina mwinuko ili maji ya mvua yatoke.

Baridi ya asubuhi pia inafaa, na kwa kulinganisha wiki hadi wiki naipenda zaidi kwa sababu hali ni ile ile kila siku. Oili inatanuka ikipata joto, kiasi cha asilimia 0.7 kwa kila nyuzi 10. Kwa lita 3.7, kutoka nyuzi 25 za asubuhi hadi 90, ni kama ml 170. Kwenye dipstiki hiyo ni milimita 2 au 3, haitoshi kukupoteza. Ila chagua hali moja, shikilia hiyo hiyo. Leo moto kesho baridi, hutajua kama injini inakula oili au ni joto tu.

---

Likoni_Feri

Naongezea kwenye kusoma dipstiki, maana ile ya jioni, upande mmoja F na upande wa pili juu kabisa, inawachanganya wengi.

Bomba la dipstiki limepinda. Injini ikiwa imetoka kufanya kazi, ndani ya bomba kuna oili iliyorushwa na krenki (shafti kuu inayozunguka chini ya injini) imeshika kwenye kuta. Unapochomoa, fimbo inasugua ukuta wa upande mmoja na kujipaka oili njiani. Upande huo unadanganya. Kanuni: soma upande wenye kiwango cha chini, na tafuta pale ambapo oili imeshika kwa mstari kamili kutoka ukingo hadi ukingo. Mstari mwembamba unaopanda pembeni kama machozi, huo usiuhesabu.

Utaratibu wangu:

Gari likae tambarare kweli. Siyo "inaonekana tambarare". Sampu ya sentimita 40 ikiinama nyuzi 3 tu, oili inapanda kama sentimita 1 upande mmoja na kushuka sentimita 1 upande wa pili. Hiyo ni nusu ya nafasi yote ya L na F! Weka chupa ya maji ya plastiki, ya mviringo, ilale sakafuni kando ya gari, ikibiringika, hama. Ilaze mara mbili, kwa urefu wa gari na kwa upana.

Chomoa dipstiki mara ya kwanza, usiisome. Ifute yote, siyo ncha tu, hadi pale juu inapoingia kwenye kipini. Acha bomba wazi dakika moja ili oili iliyo ndani ya bomba ishuke na kulingana na ya sampu. Irudishe taratibu, isukume mpaka kipini kikae kabisa. Watu wengi wanaishia hapa: kipini kikibaki juu milimita 5 umesoma pungufu kwa milimita 5. Hesabu hadi tatu, chomoa kwa mwendo mmoja, ilaze mara moja. Ukiisimamisha ncha juu, oili inateleza kuelekea mkononi na kipimo kimeharibika.

Oili mpya ni kama maji, haionekani kwenye chuma kinachong'aa. Ilaze dipstiki juu ya tishu nyeupe na kuibonyeza kidogo. Tishu inanyonya na kuacha alama: sehemu iliyolowa inakuwa na kivuli cha njano chenye mwisho unaoonekana wazi, na ukiweka alama za L na F za dipstiki pembeni yake unasoma bila kubahatisha. Njia nyingine ni kupaka chaki ya ubaoni kwenye sehemu ya alama kabla ya kuirudisha. Oili ikifika inaigeuza chaki kuwa ya kijivu. Chaki iwe kidogo sana, vumbi tu. Tishu naipendelea kwa sababu hakuna kinachoingia kwenye injini.

Rudia mara mbili. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya milimita 2, bado oili haijatulia, subiri tena.

---

Mzee_Gasketi

Hiyo kauli ya "bora izidi" inaua injini, tena kimyakimya. Nieleze kinachotokea ndani.

Krenki inazunguka juu kidogo ya usawa wa oili kwenye sampu. Ina vipande vizito vya kulinganisha uzito, na kwa mzunguko 3000 kwa dakika kila kipande kinapita chini mara 50 kwa sekunde. Oili ikiwa kwenye F, vinapita hewani. Oili ikipanda vya kutosha, vinaanza kuichapa. Umeona mtu anavyopiga mayai kwa uma mpaka yanakuwa povu? Ndiyo hiyo.

Povu ni hewa. Pampu ya oili ikivuta povu inasukuma hewa badala ya oili, na beringi za krenki zinategemea utando wa oili uwe mzima bila mapengo. Hewa inabonyea, oili haibonyei. Presha inashuka, na utaona jambo linalowashangaza watu: taa nyekundu ya oili inawaka wakati oili imejaa kupita kiasi. Mtu akiona taa anadhani imepungua, anaongeza. Ndiyo maana hakuna kuongeza oili kwa sababu ya taa kabla ya kuchomoa dipstiki.

Kwenye 1NZ kuna viungo viwili vinavyolia mapema. Tenshina ya cheni ya taimingi, yaani kifaa cha kuikaza cheni, inasukumwa na presha ya oili, na VVT-i (mfumo wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka) nayo inaendeshwa na presha hiyo hiyo. Oili ikiwa na povu, cheni inalegea na kusikika ikigonga kwa mbele, na gari linakuwa zito kuitikia.

Halafu kuna mvuke. Oili inayochapwa inageuka ukungu ndani ya injini, ukungu unafuata valvu ya PCV (inayotoa mvuke wa ndani ya injini) na kuingia kwenye inteki, njia ya hewa ya injini. Huko unaungua pamoja na petroli, bomba la moshi linatoa moshi wa bluu, plagi zinashika masizi, na masega ya kwenye ekzosi (yale ya kusafisha moshi) yanaanza kuziba. Presha ya ndani nayo inapanda, inatafuta pa kutokea. Sili ya nyuma ya krenki, ile iliyo kati ya injini na gia boksi, ikianza kuvuja unashusha gia boksi nzima kubadilisha kipande cha mpira.

Je, milimita 1 au 2 juu ya F itafanya haya yote? Hapana, watengenezaji wameacha nafasi ya usalama. Mpaka wangu kwa gari ndogo: hadi ml 200 juu ya F siigusi, naifuatilia tu. Kuanzia ml 300 napunguza. Nusu lita na zaidi, gari lisiwashwe mpaka ipunguzwe. Yako kwa hesabu ya Spana14 iko hapo. Usiende nayo kazini.

---

Bi_Usukani

Asanteni sana kwa maelezo. Nimeinama na tochi: filta ni ya zamani, ina vumbi lililoganda mpaka maandishi hayasomeki. Kwa hiyo imezidi ml 600?

Nimerudia kwa njia ya tishu ya Likoni_Feri, gari tambarare: milimita 9 juu ya F, mara mbili.

Sasa nifanye nini? Nina jeki ile ya gari tu, na sipendi kulala chini ya gari.

---

Spana14

Ndiyo, ml 600, na tishu imekubaliana na galoni. Vyema sana, sasa huna haja ya kubahatisha.

Kwanza tafadhali: usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ya gari ni ya kubadilishia tairi. Kama huna stendi (vyuma vya kushikilia gari lililoinuliwa), fanya njia ya juu, au mwite fundi mwenye shimo au lifti ufanye naye haya ninayoandika.

Njia nzuri kwako inatatua mambo mawili kwa pamoja: badilisha filta. Filta ya zamani ikitoka inaondoka na ml 300 zake. Mpya inafungwa ikiwa tupu, injini ikiwashwa inajijaza kwa oili kutoka kwenye sampu. Kutoka ml 600 za ziada unabaki na 300, na oili yako mpya haijaendelea kuchanganyika na uchafu wa filta iliyochoka.

Ukifungua filta hakikisha mpira wake umetoka nayo. Ukibaki umeng'ang'ania kwenye injini na ukafunga filta mpya juu yake, mipira inakuwa miwili, na inaweza kufyatuka barabarani oili yote ikamwagika ndani ya dakika chache. Pitisha kidole pale inapokaa filta, pawe chuma kitupu. Paka oili kidogo kwenye mpira mpya, funga kwa mkono hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie spana ya cheni kufungia.

ml 300 zilizobaki zitolewe kwa juu, kupitia bomba la dipstiki. Unahitaji:

– bomba la sindano la ml 50 au 60, linapatikana duka la dawa, bila sindano yake;
– mpira mwembamba unaoingia kwenye bomba la dipstiki. Mpira wa dripu unafaa; kata kile kichupa cha matone, tumia mpira peke yake;
– chupa ya maji ya ml 500.

Injini iwe ya vuguvugu. Ya baridi kabisa utavuta mpaka kidole gumba kife ganzi, kwa sababu oili nzito haipendi mpira mwembamba. Iwashwe dakika moja au mbili tu, isipigwe resi, izimwe, isubiriwe dakika 10.

Chomoa dipstiki. Pima mpira pembeni ya dipstiki na uweke alama ya kalamu: urefu wa dipstiki nzima, ongeza sentimita 3. Ingiza mpira mpaka alama. Vuta bomba la sindano polepole. Ukiona mapovu tu, mpira haujafika kwenye oili au umejikunja. Urudishe nyuma kidogo, uzungushe, uingize tena. Oili ikija inakuja kama uzi wa asali. Mara sita za ml 50 ni ml 300. Hesabu kwenye chupa, siyo kichwani, kwa sababu kila mvuto unakuwa na hewa ndani yake.

Usitoe yote kwa mkupuo. Toa ml 200, pima kwa tishu, kisha malizia. Oili hiyo ni mpya, na kama bomba na chupa ni safi, ifunge uitunze ya kuongezea baadaye.

---

Mzee_Gasketi

Mimi bado ningefungua boliti ya sampu. Sindano mara sita, saba, ni kazi ya kuchosha, na ukishakuwa na shimo la gereji boliti ni dakika mbili: spana namba 14, legeza, acha ichirizike, funga.

---

Spana14

Mzee wangu, kwa heshima, hapo sikubaliani nawe. Kwa fundi mwenye mkono kama wako sawa. Kwa mtu anayefanya mara ya kwanza ni matatizo matatu: oili ya moto inamwagikia kiganja na kifundo, boliti inamponyoka inazama kwenye beseni, na badala ya ml 300 zinatoka lita 2. Baada ya hapo anaongeza kwa kukisia na tumerudi mwanzo.

La pili ni washa ya boliti, ile pete bapa inayozuia oili kuvuja. Imebonyea mara moja kukaa na sura ya boliti ile. Ukifungua na kufunga na washa ile ile, mara nyingi inaanza kutoa jasho, mtu anakaza zaidi, na sampu inakatika nyuzi. Boliti ya 1NZ inakazwa kwa Nm 37 hivi. Ni kazi ya mkono mmoja kwa spana fupi, haihitaji kuning'inia.

---

Mzee_Gasketi

Hoja ya washa naikubali, ninabadilisha kila mara na nimesahau kuwa wengine hawabadilishi. Basi kwa dada iwe sindano.

Nyongeza: akishafunga filta mpya, asipime kabla ya kuwasha. Filta tupu inavuta ml 300 injini ikiwaka kwa mara ya kwanza. Awashe sekunde 30 mpaka dakika 1, bila resi, aangalie taa ya oili imezima, azime, asubiri dakika 10, ndipo apime. Akipima kabla ataona bado imejaa na atatoa ml 300 ambazo hazikuwa za kutolewa.

---

Dizeli_Tupu

Mada nzuri, ila mmezungumzia oili iliyozidishwa na mtu. Kuna inayozidi yenyewe, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu inayopanda siyo oili.

Kwa wenye dizeli za kisasa zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi: injini inachoma masizi yale kwa kupuliza dizeli ya ziada kwa kuchelewa, ili joto lifike kwenye kichujio. Gari likiwa la foleni na safari fupi fupi, kazi ile inakatizwa njiani, na dizeli isiyoungua inateleza kwenye kuta za silinda, inapita ringi, inaishia kwenye sampu. Oili inapanda na kuwa nyepesi. Mazda CX-5 za dizeli dipstiki yake ina alama ya X juu ya F kwa sababu hii hii. Oili ikifika X unabadilisha yote, hata kama kilomita za servisi bado. Hapo kuvuta ya ziada kwa sindano hakusaidii, maana iliyobaki nayo imeshachanganyika.

Na dizeli iliyojaa kupita kiasi ina hatari ambayo petroli haina. Ukungu wa oili ukiingia inteki, injini ya dizeli inaweza kuuchoma kama mafuta yake na kujipandisha resi yenyewe. Ukizima ufunguo haizimi, kwa sababu haitegemei tena dizeli ya kwenye tangi. Kwa hiyo kwenye dizeli mpaka wa Mzee_Gasketi wa ml 300 mimi ningeushusha.

Kwa petroli: nusa dipstiki. Harufu kali ya petroli na kiwango kinachopanda wiki hadi wiki, angalia nozeli inayovuja au silinda inayopiga misi. Na ukikuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, hayo ni maji ya rejeta, mara nyingi gasketi ya kichwa. Kidogo tu chini ya kifuniko cha kumiminia oili kinaweza kuwa mvuke wa safari fupi. Kwenye dipstiki yenyewe, gari lisiwashwe.

---

Kijana_Noah

Wakuu samahani nadandia. Noah yangu injini ilishabadilishwa na mwenye gari wa kwanza. Nikimimina kiasi cha kitabuni, dipstiki inaonyesha iko juu ya F karibu sentimita 1. Nisadiki kitabu au dipstiki?

---

Spana14

Kijana, usisadiki hata kimoja mpaka uhakikishe. Injini ikibadilishwa, dipstiki au bomba lake mara nyingi ni la injini nyingine, au bomba halijazama mpaka mwisho pale linapoingia kwenye bloku. Anza na hilo: tazama kama bomba lina boliti yake ya kulishika na limekaa chini kabisa. Tazama pia kipini cha dipstiki, maana vingine vimevunjika na kugundishwa, urefu ukabadilika. Na namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku ndiyo uitafutie kiasi, siyo jina la gari.

Baada ya hapo unaitengenezea dipstiki alama yako mwenyewe, na unaifanya siku ya servisi:

Mwaga oili ya moto, gari tambarare, acha ichuruzike dakika 15 nzima mpaka iwe tone moja moja. Badilisha filta. Kwa chombo chenye vipimo, kidumu cha lita 1 chenye mistari kinatosha, mimina kiasi cha injini hiyo toa lita 1. Washa dakika 1, zima, subiri dakika 10, pima kwa tishu. Hapo ndipo L yako, kwa sababu tumeichukulia lita 1 kuwa nafasi kati ya L na F. Ongeza ml 500, subiri dakika 5, pima, andika. Ongeza ml 500 za mwisho, subiri, pima. Hiyo ndiyo F ya kweli ya injini yako. Kwaruza alama ndogo kwa tupa kwenye fimbo, siyo kina, kisha ifute vizuri vumbi la chuma lisiingie ndani.

Ukishapata alama tatu unajua pia kila milimita ni ml ngapi kwenye sampu yako.

---

Likoni_Feri

Na Kijana, kama Noah yako ni ya gia otomatiki na ina dipstiki mbili, hakikisha unapima ile sahihi. Ya gia oili yake kwa kawaida ni nyekundu na kwenye Toyota nyingi za zamani inapimwa injini ikiwa inawaka. Ya injini inapimwa ikiwa imezimwa. Kuna watu wamemimina oili ya injini kwenye bomba la gia.

---

Bi_Usukani

Nimerudi. Filta mpya imefungwa gereji yenye shimo, nimesimama nikaona mpira wa zamani umetoka nayo. Imewashwa dakika moja, tumesubiri dakika 10, tishu ikaonyesha milimita 5 juu ya F. Nikavuta ml 200, ikabaki milimita 2. Nikavuta nyingine 100, sasa iko kwenye F, chini yake kwa unywele. Mpira wa dripu umekubali bila shida, ila oili ilipopoa kazi ilikuwa nzito kama mlivyosema.

Nikae nipime tena lini?

---

Mzee_Gasketi

Kesho asubuhi kabla ya kuwasha, uandike kwenye daftari pamoja na kilomita. Kisha kila wiki, asubuhi, mahali pale pale. Angalia na chini ya filta na kwenye sili za injini kama kuna unyevu mpya, maana gari lilitembea siku moja likiwa limejaa.

Ukikuta imeshuka usiijaze mpaka F. Ongeza ml 200 kutoka kwenye ile chupa uliyoitunza, pima, basi. Katikati ya L na F injini iko salama kabisa. Ikishuka lita nzima ndani ya kilomita 1000, huo ndio ukomo ambao vitabu vya Toyota vinautaja, na hapo urudi hapa tuangalie ringi na sili za valvu.